Deli la Barafu Kwenye Kiti cha Minza

Ipo siku moja, Mwanangu, ambayo miaka yote hii haijanitoka kichwani, na wiki hii imerudi kunikaa kooni kama mwiba wa samaki. Ni siku niliyokwenda ziwani Lamadi nikiwa msichana. Nilistarehe, nikacheka, nikala samaki mpaka nikapumua kwa shida. Siku nzuri kabisa, ila haikuwa yangu. Nitakueleza ilikuwa ya nani, halafu utajua kwa nini Jumamosi iliyopita niliwafokea wajukuu zangu mpaka kuku wakakimbia uani.

Nyumba yetu pale Ngulyati ilikuwa na mvulana mmoja tu, kaka Masanja. Kwa hiyo sisi wasichana wawili, mimi na dada yangu Kabula, tulichunga kama wanaume. Tulipokezana zamu. Fimbo ya kuchungia ilikuwa moja, na ilikabidhiwa jioni, mkononi, ng'ombe wakishaingia zizini. Ukiipokea, kesho na keshokutwa ni zako, jua liwake au mvua inyeshe. Hakuna aliyemwamrisha mwenzake. Fimbo ikishakuwa mkononi mwako, maneno yameisha.

Mwaka huo ng'ombe wa mahari ya Kabula walikuwa wamekwisha kuja kutoka Bukundi, kule Meatu. Pamba ikishavunwa, angeolewa huko. Bukundi ya wakati ule, kiangazi, watu walichimba mchanga wa mto ndipo wapate maji ya kunywa. Kabula hakulalamika. Alimwomba baba kitu kimoja tu, kwamba kabla hajaenda kuishi na huo mchanga, alione ziwa. Maji aliyoyajua yeye ni ya mtungi na ya lambo la ng'ombe, basi. Baba akakubali. Kaka Masanja alikuwa anapeleka mchele kwa rafiki wa baba, mvuvi wa Lamadi, arudi na samaki wakavu. Mchele ulifungwa mbele, kwenye fremu ya baiskeli. Keria ya nyuma ilikuwa ya Kabula. Zamu yake ya kuchunga ilikuwa inaisha jioni ya kuamkia safari, na ya kwangu inaanza.

Sikia sasa nilichofanya, na usinionee huruma, maana sikuwa mtoto mdogo. Mchana wa siku hiyo nilijifunga kitambaa mguuni, nikapachika na majani yaliyotwangwa ili ionekane ni dawa, nikaanza kuchechemea. Nikasema nimechomwa na mwiba wa mgunga. Jioni Kabula aliponiletea fimbo nilikaa chini nikalia. Akaniangalia mimi, akauangalia mguu, akarudi na fimbo yake.

Alfajiri kaka alikuwa na keria tupu. Nikamwambia baba kwa sauti ya mgonjwa, "Mguu hauwezi kufuata ng'ombe, baba, lakini kwenye keria unaweza kukaa."

Baba alikuwa anawahi shamba. Akasema, "Haya, nenda wewe." Umeona akili ya mtoto mbaya? Ikiachwa hivi hivi inakuwa akili ya mtu mzima mbaya.

Basi tukaenda. Tuliposhuka kule nikaliona ziwa, sikuamini macho. Maji yanakwenda mpaka yanagusana na mbingu! Kaka aliniendesha kandokando ya ufuko mpaka jua likazama, tunasimama tunapotaka. Tuliwakuta kina mama wameanika dagaa mchangani, tukawasaidia kufukuza kunguru, wakatupa sato wa kuchoma. Nikaingia majini mpaka magotini nikarukaruka. Kile kitambaa cha mguuni kikafunguka, kikaelea, kikaenda zake. Kaka akakiona. Akauona na mguu, mzima kama yai.

"Mwiba uko wapi?" akaniuliza.

"Umetoka."

Akacheka! Badala ya kunizaba kofi, alicheka, akanunua muwa tukagawana. Kaka yangu Masanja, Mungu amrehemu, na yeye siku ile alikosea.

Tulilala kwa yule mvuvi, kesho yake jioni tukafika nyumbani ng'ombe wakiwa wanaingia zizini. Nikaruka kutoka kwenye keria, nikakimbia na mzigo wa samaki kichwani. Kabula alikuwa amesimama mlangoni pa zizi, vumbi mpaka kwenye kope, fimbo mkononi. Hakuuliza habari ya mguu. Aliniuliza, "Ziwa lina ukubwa gani?"

Nilikuwa nimechoka, Mwanangu. Nilikuwa na njaa. Nikamjibu, "Kubwa." Neno moja. Dada yangu alichunga siku mbili akisubiri kusimuliwa, mimi nikampa neno moja nikapita.

Shangazi Holo, dada yake baba, alikuwa ameketi anachambua kunde. Aliniona nilivyokuja mbio. Akasema kwa sauti ya kusikika na majirani, "Hilo ziwa lina dawa! Kesho tuwapeleke viwete wote wa Ngulyati!" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alinyanyuka, akaichukua fimbo mkononi mwa Kabula, akaja kunikandamizia kifuani.

"Pokea. Utachunga peke yako mpaka mwenzio aolewe. Na usidhani hapo umemlipa. Ungemwibia ng'ombe, ungerudisha ng'ombe. Umemwibia siku yake ya ziwani. Haya, itoe tuione!"

Niliichunga ile adhabu mpaka pamba ikavunwa. Kaka alipopata safari nyingine, baiskeli ilikuwa imevunjika. Kisha wakwe wakaja, Kabula akaenda Bukundi, akazaa, akalima, akazeeka. Mimi kila mwaka nilisema mwaka huu nitampeleka. Leo barabara ni ya lami, mabasi yanapita kutwa, na bado sijampeleka. Sitakudanganya kwamba nilijirekebisha. Niliona aibu tu, na aibu haimpandishi mtu basi.

Sasa hiyo Jumamosi iliyopita. Mwanangu wa kumzaa, wa kiume, ana watoto wanne. Masalu anafanya kazi Mwanza, ana gari dogo. Nyanzobe anasoma chuo. Jilala ana duka la simu Bariadi mjini. Minza ndiye ninayekaa naye hapa Ngulyati. Anachota maji, anapalilia, na mgongo wangu anaukanda yeye. Wakapanga ndugu wote wanne wakatembee ziwani, wazunguke Lamadi na Busega yote, wale samaki. Minza alilifua gauni lake la bluu Ijumaa, akalipiga pasi ya mkaa. Aliamka jogoo hajawika akawakaangia maandazi ya njiani. Gari likaja, likapakia maandazi, likaondoka. Gauni la bluu likabaki kwenye msumari.

Waliporudi wananionyesha picha kwenye simu, wamekumbatiana, nyuma yao maji. Nikawauliza kama nisiyejua, "Minza yuko wapi hapa?"

Masalu akasema, "Bibi, gari lilijaa."

"Lilijaa nini? Nyinyi watatu tu!"

"Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na deli la barafu la kupozea soda, bibi. Na spika ya muziki."

"Deli la barafu ni ndugu yako? Lilinyonya ziwa moja na wewe?"

Nyanzobe akaingilia, "Lakini Minza mwenyewe alisema hamna shida."

"Na wewe msomi ukaamini! Mtu aliyepiga pasi gauni anakwambia hamna shida, ukaamini!"

Jilala naye akaona amepata la kusema. "Tuliona na wewe usibaki peke yako, bibi."

Hapo ndipo kuku walipokimbia. Mimi! Mimi niliyepasua kuni juzi kwa shoka, nifanywe mguu wa kusingizia! Niliwaambia yote ambayo shangazi Holo aliniambia, nikaongeza na ya kwangu. Minza alikuwa jikoni anawapashia chakula. Alitoka na sahani, akamuuliza Nyanzobe polepole, "Maji yalikuwa ya baridi?" Nikaisikia sauti ya Kabula kabisa, pale pale mlangoni pa zizi.

Jumapili baada ya misa nilipiga simu Bukundi.

"Dada, Jumamosi hii unakwenda ziwani. Gari linakufuata."

Akasema, "Bado lipo? Nilidhani mmelimaliza, mnavyokwenda nyinyi tu."

"Lipo, dada."

"Na mguu wako unaendeleaje?"

Miaka yote hiyo alijua! Nilicheka huku machozi yananitoka, nikamwomba msamaha ambao nilipaswa kuuomba nikiwa na vumbi la keria.

Kwa hiyo, Mwanangu, nasaha yangu ni hii. Mkipanga starehe ya ndugu, mhesabu kwanza yule aliyebaki na ng'ombe, yule aliyekaanga maandazi. Yeye akae kwanza, ndipo mizigo itafute pa kukaa. Usimuulize kama kuna shida, maana atakwambia hamna. Mfungulie mlango. Na ukimwacha, usimtumie mzee au mgonjwa kuwa sababu. Sisi wazee tunasikia. Na kama siku ya mwenzio umekwisha kuichukua, usisubiri uzeeke kama mimi.

Jumamosi Kabula anakaa mbele. Minza nyuma, dirishani, na gauni lake la bluu, mimi katikati, Nyanzobe upande wa pili. Masalu anaendesha. Jilala na lile deli watakuja na basi.

Mungu akupe ndugu, Mwanangu, akupe na moyo wa kuwawekea nafasi. Akupe miguu mizima maisha yako yote, na siku ukitaka kuisingizia ugonjwa, akuletee shangazi kama Holo.