Insha Iliyomnyima Mzee Maweu Kazi Yake

Haya nilisimuliwa na Mbeke Munguti mwenyewe, Jumapili iliyopita baada ya ibada, tukiwa tumekaa nyuma ya kanisa tunachambua ndengu za chakula cha wageni. Nimeyaandika jinsi alivyoyasema.

Saa moja asubuhi mjini Kitengela, Mbeke anainua mlango wa mabati wa saiba yake. Ndani mna kompyuta tatu, printa moja, na benchi ya mbao ya kungojea. Ukuta wa kushoto unatetemeka, kwa maana upande wa pili kuna mashine ya kusaga unga. Ikianza kusaga, karatasi zinacheza mezani na mteja analazimika kuongea kwa sauti.

Wateja wa kwanza ni ndugu wawili waliofiwa na baba yao. Wanataka programu ya mazishi. Wameleta wasifu wa marehemu ukiwa tayari umeandikwa kwa mkono: alikuwa mtu wa watu, mcheshi, mcha Mungu, aliyependa amani.

Mbeke anasoma, kisha anageuza karatasi juu chini.

"Poleni sana. Sasa niambieni, mzee wenu alikuwa anapenda nini?"

Ndugu wanatazamana. Yule mdogo anasema, "Alikuwa anapenda kubishana na redio."

"Vipi?"

"Taarifa ya habari ikisomwa, yeye anaijibu. Anaiambia, hapo unadanganya."

"Hiyo iandikwe."

"Kwa wasifu, mama? Watu si watacheka?"

"Wacha wacheke. Ndio watajua ni yeye mnazika."

Mbeke ana miaka arobaini na minane. Alizaliwa Mashuuru, akasoma hadi kidato cha pili, akaja Kitengela kuajiriwa kupiga chapa, na mwenye saiba alipohama, akamwachia kazi. Anaandikia watu barua za kazi na wasifu wa maiti, kwa shilingi hamsini ukurasa.

Miaka mingi alikuwa anapiga tu alicholetewa. Kisha siku moja familia mbili zilimletea wasifu asubuhi moja, wa watu wawili wasiojuana, na maneno yalikuwa yale yale. Mmoja alikuwa fundi wa viatu, mwingine nyanya wa Embulbul aliyezaa watoto tisa. Ukificha majina huwezi kujua nani ni nani.

"Nilisikia vibaya," anasema Mbeke. "Mtu ameishi miaka themanini, halafu anaenda na maneno ya jirani."

Tangu hapo, kabla ya kupiga, anafunika jina kwa kiganja na kujiuliza: hii ni ya nani? Asipojua, anauliza maswali. Na ndivyo vijana wa kuomba vyuo walivyoanza kumjia, mmoja akimwambia mwenzake.

Mwaka jana mwezi wa kumi na moja alikuja msichana anayeitwa Kasyoki, wa kutoka Mashuuru. Alikuja na baba yake, Mzee Maweu, kwa sababu fomu ilitaka kitambulisho cha mzazi. Kasyoki alikuwa anaomba chuo cha ng'ambo kinachofundisha mambo ya maji na kumlipia mwanafunzi kila kitu. Alikuwa ameomba mwaka uliotangulia, wakamkataa. Chuo hicho hukubali ombi la pili lakini si la tatu. Na siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa siku hiyo hiyo.

"Alama zake zilikuwa nzuri," Mbeke anasema. "Kilichobaki ni insha. Walitaka ajieleze yeye ni nani."

Mzee Maweu alikaa kwenye benchi, kofia magotini, akisikiliza ukuta. Baada ya muda akasema, "Mama, hii mashine yenu ya unga iko na beringi mbovu."

"Si yangu, mzee. Ni ya jirani."

"Mwambie. Haimalizi mwezi."

Mbeke alisoma insha kimya. Ilikuwa ya Kiingereza kizuri, bila makosa. Akafunika jina kwa kiganja.

"Kasyoki, hii ni ya nani?"

"Yangu, anti."

"Umetoka familia ya hali ya chini. Umepitia changamoto nyingi. Tangu utotoni ndoto yako ni kusaidia jamii. Wiki hii nimepiga nne kama hii. Sasa wewe uko wapi hapa?"

Mzee Maweu, ambaye Kiingereza kilimpita mbali, akainua kichwa.

"Imesema nini? Nisomee na mimi nisikie. Ni mtoto wangu anajieleza."

Mbeke akaanza kumsomea kwa Kiswahili, sentensi moja moja. Alipofika katikati alisita. Anasema angeweza kuruka mstari, na mzee hangejua. Lakini mzee alikuwa anamtazama mdomo.

"Soma tu," akasema.

"Imesema, baba yangu hana kazi wala uwezo wowote, na kwetu hakuna mtu wa kutegemewa."

Kasyoki aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa meza. Mzee Maweu akavaa kofia yake, akasimama, akatoka nje.

Ngoja nieleze, kwa sababu msomaji anaweza kumhukumu huyu msichana bure. Sisi wote tuliolea watoto huku tunajua fomu ya basari. Mtoto anafundishwa mapema kwamba anayeandika machozi mengi ndiye hupewa karo. Ukiandika kwamba baba ana kazi, hata kama ni ndogo, jina linarudi nyuma. Basi mtoto anajifunza kuandika hivyo kila mwaka, na mzazi anatia sahihi bila kusoma, na wote wanashukuru karo ikilipwa.

"Kwa basari ndivyo huandikwa, anti," Kasyoki alisema akilia. "Sikumaanisha. Nilifikiri hawa pia wanataka hivyo."

"Hawa hawajauliza shida zako. Wameuliza wewe ni nani."

"Sasa nitamwambia nini?"

"Mimi sijui. Mimi napiga chapa."

Mzee alikaa huko nje kwa muda. Aliporudi, unga ulikuwa umemshika mabegani. Hakukaa. Aliongea na binti yake kwa jina analomwitia nyumbani, Mwaitu, yaani mama, kwa sababu msichana amepewa jina la mama mzazi wa Mzee Maweu.

"Mwaitu, sijakasirika. Nilienda kuangalia ile beringi. Lakini nikuulize. Kama mimi sina kazi, ile siku nilienda mazishi Makueni, nilikuachia nini?"

Kasyoki akafuta macho. "Injini."

"Injini gani?"

"Ya kisima."

"Na ng'ombe walikuwa wangapi?"

"Wengi, nau. Walikuwa wamefunga barabara," akasema. Kwao nau ni baba.

Mbeke anasema hapo ndipo alipovuta kiti karibu. "Injini ya kisima? Hebu anza mwanzo, na usiniambie kwa Kiingereza."

Ikatoka hivi. Mzee Maweu ndiye mwendeshaji wa kisima cha injini pale kwao, kazi aliyoifanya tangu kabla Kasyoki hajazaliwa. Nyumba yao iko hatua chache kutoka kwa injini. Mwaka wa kiangazi, mzee alienda kumzika ndugu yake na kumwacha Kasyoki aiwashe. Asubuhi wafugaji wakafika na mifugo ambayo haikuwa imekunywa tangu juzi. Kasyoki akawasha, maji yakaja. Kisha sauti ya injini ikabadilika. Ikawa nyepesi.

"Nyepesi kivipi?" Mbeke aliuliza.

"Kama mtu anayekunywa uji na kikombe kimeisha, anavuta hewa. Nikajua maji yameshuka chini ya pampu. Nikaizima."

"Na hao watu?"

"Walinifokea, anti. Mmoja aliniambia, wewe msichana, ng'ombe wangu akifa nitakuja kukamua wewe. Wakasema niwashe. Nikakaa juu ya mfuniko wa injini."

"Ukakaa juu yake?"

"Ilikuwa moto, lakini nilikaa. Pampu ingeungua hakungekuwa na maji miezi mitatu. Tukangoja jua lipande kidogo, maji yakarudi, nikawasha. Wakanywa wote. Yule wa kunikamua aliniletea maziwa jioni."

Mzee Maweu alicheka peke yake. "Mimi hata hilo la maziwa sikuambiwa."

"Kwa nini hukuandika haya?" Mbeke akauliza.

"Hiyo si kazi tu, anti? Nani anataka kusoma mambo ya injini?"

Mbeke aligeuza kibodi ikamtazama Kasyoki, akamwambia aandike vile alivyosema, na akiona neno tamu sana limekuja, aliache lipite. Yeye mwenyewe akaenda kuhudumia wateja wengine.

Ilichukua mchana wote. Mara ya kwanza Kasyoki alimaliza kwa kusema atabadilisha taifa zima. Mbeke akafunika jina tena, na msichana akacheka na kuufuta mstari kabla ya kuulizwa.

"Acha taifa," Mbeke akamwambia. "Wewe mwenyewe unaenda kutafuta nini huko?"

Kasyoki akafikiri. "Nataka kujua maji huwa yanaenda wapi tukizima. Na kwa nini yanarudi."

Akamalizia hapo.

Kuhusu baba yake aliandika mistari miwili tu. Mbeke alimsomea mzee kwa Kiswahili, safari hii bila kusita: "Baba yangu hulala injini ikinguruma. Ikinyamaza, ndipo huamka."

Mzee akasema, "Hiyo ni kweli," akatoa kitambulisho chake mfukoni na kukiweka mezani kipigwe picha. Insha ilitumwa kabla ofisi hazijafungwa.

Mwezi wa tatu mwaka huu, ujumbe ulifika kwenye simu ya Kasyoki huko Mashuuru. Hakuufungua. Alimwambia baba yake, nao wakakubaliana ukafunguliwe pale insha ilipoandikiwa. Hawakulala vizuri, na alfajiri wakaondoka. Injini walimwachia Mukonyo, mamake Kasyoki, aliyewaambia wakichelewa asilaumiwe kwa lolote.

Huko saiba, wao wawili na Mbeke walisimama mbele ya kompyuta. Kasyoki akasoma mstari wa kwanza, akashika mkono wa Mbeke.

"Wamekataa?" mzee akauliza.

"Wamekubali, nau. Wamekubali yote. Hata nauli."

Mzee Maweu alishika ukuta kwanza, kama mtu anayepima kama umesimama sawa. "Na injini? Wamesema nini kuhusu injini?"

Kasyoki akasogeza chini. Aliyeandika barua alikuwa ameongeza neno lake mwishoni: kwamba nao wangependa kujua maji huenda wapi.

"Mimi nilitoa pumzi ambayo nadhani niliivuta tangu Novemba," Mbeke anasema.

Walikula wali na maharagwe hapo hapo. Mbeke akafunga mlango nusu, kitu ambacho hafanyi siku ya kazi. Kasyoki alijilaza juu ya magunia ya karatasi na usingizi ukamchukua na viatu mguuni.

Mzee Maweu alikaa kwenye benchi yake, akasikiliza ukuta. "Walibadilisha beringi."

"Niliwaambia ulivyosema."

"Sasa inasaga vizuri." Akaegemea, akafumba macho.

Nilimuuliza Mbeke ana mpango gani baada ya hapo, kwa sababu vijana sasa wanamjia hata kutoka Rombo. Alisema anataka benchi ya pili, ya wenye insha, wasikae na wafiwa. Kisha akasema lingine, polepole. Mamake yuko hai, mzee sana, na wasifu wake ameshaanza kuuandika. "Nataka nimsomee yeye mwenyewe kabla. Anisahihishe. Najua ataniambia, hapo umedanganya."

Mchana ule wa majibu, anasema, stima zilipotea. Kompyuta zikazima, na mashine ya unga ikanyamaza. Mzee Maweu akafumbua macho mara moja, mkono ukitafuta kitu pembeni.

"Imezima?"

"Ni stima, mzee. Si yako."

"Aa." Akabaki macho wazi, akingoja. Stima zikarudi, ukuta ukaanza kutetemeka, naye akalala akiwa ameketi, kofia magotini.

Kilichofuata Mbeke hakijui. Alikuwa ameweka kichwa juu ya kibodi kidogo tu, apumzishe shingo, na yeye pia akalala.