Mlinzi wa Mfereji Usio na Samaki

Inatangazwa kwa wakazi wote, wageni wao na wafanyakazi wa kila ngazi, kwamba mfereji unaopita katikati ya mtaa huu ni wa mapambo. Kwamba maji yake huchunguzwa na wataalamu. Kwamba hauna samaki, haujawahi kuwa na samaki, wala hautarajiwi kuwa nao. Na kwamba, kwa sababu hiyo, ni marufuku kabisa kuvua samaki humo.

Tangazo hilo lilibandikwa kwa lugha nne kwenye nguzo ya daraja dogo, katika mtaa mmoja wenye ukuta na geti upande wa Al Wakrah, na chini yake akawekwa Jeremiah Namwaya ili lisivunjwe.

Jeremiah ni mtu wa Budalangi, kando ya Mto Nzoia, mto ambao haukungoja kutembelewa. Mvua zikizidi ulikuwa ukija nyumbani wenyewe. Ulichukua jiko la mama yake, kisha nyumba ya baba yake, na alipooa akajenga mbali kidogo, ukaifuata na hiyo. Alipopata kazi ya ulinzi Qatar alimweleza mkewe, Miriam, kwamba mshahara si mkubwa sana lakini nchi yenyewe haina mto hata mmoja. Kampuni ilimfundisha namna ya kusimama, ikamvika kofia yenye nembo, ikampeleka kulinda maji.

Kusimama ndiyo kazi yenyewe. Basi huwachukua kwenye mabweni yao Muaither kabla ya jua, na tangu hapo mlinzi wa mfereji haketi, kwa kuwa kampuni inaamini kwamba mtu aliyeketi amekwisha kulala nusu. Miguu ya Jeremiah ilianza kuvimba mwaka wa pili. Jioni viatu havitoki bila mtu wa kumsaidia, na wa kumsaidia naye ni mlinzi mwenzake ambaye ameinama kuvua vyake. Miriam akipiga simu haulizi mumewe amekula nini.

"Leo umeketi?" huuliza.

Jeremiah hujibu kwamba ameketi kwenye basi.

Kiti kimoja kilikuwepo. Kilikuwa ndani ya kibanda cha geti, chini ya kiyoyozi, na mwenye kukikalia alikuwa akirudi kwao kabisa mwishoni mwa Aprili. Msimamizi, kijana wa Kericho aitwaye Wesley, alisema kitakwenda kwa mlinzi ambaye eneo lake halitakuwa limeleta lalamiko hata moja hadi siku ya kukausha mfereji. Jeremiah alikitaka kiti hicho kama alivyowahi kumtaka Miriam, ila safari hii bila haya. Mei ilikuwa inakaribia, na kiangazi cha huku humkuta mtu mzima na kumwacha kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba.

Kukausha mfereji ni jambo la kila mwaka. Joto likianza maji hugeuka kijani, mafundi huleta pampu, wakayanyonya hadi yanabaki madimbwi tu chini ya daraja, wakasugua kuta na kujaza upya. Kwa wavuvi wa mfereji ule, huo ndio mwisho wa msimu. Nasema wavuvi kwa heshima ya neno. Alikuwa mmoja, naye ni Salim.

Salim ni dereva wa nyumba moja ya mtaa huo, mtu wa Korogwe aliyekulia kwenye Mto Pangani, na haamini tangazo lolote linalozidi sentensi moja. Alivua Ijumaa asubuhi, wakazi wakiwa wamelala, kwa mshipi uliozungushwa kwenye chupa ya maji, ndoano ndogo, na chambo cha donge la chapati lililokandwa kwa samli. Sehemu ya Jeremiah katika uvuvi huo ilikuwa kuukagua kwa makini, wakati huohuo, ule mwisho mwingine wa mfereji. Ijumaa zamu yake huwa ya asubuhi tu. Ikiisha Salim alimpakia, akamshusha Mesaimeer kanisani, maana huku ibada huwa Ijumaa, yeye akaendelea kuutafuta msikiti. Njiani walibishana. Jeremiah alishikilia kwamba samaki yule ni ngege na hukaangwa, akaliwa na ugali. Salim, kwamba ni perege, na kumkaanga perege ni kumdhulumu, maana nazi ipo.

Ijumaa ya mwisho kabla ya pampu Jeremiah alimwomba asije. Alimweleza habari ya kiti, akamwonyesha na miguu. Salim alisikiliza kwa huruma, akakubali kila neno, na siku ilipofika akaja na chupa yake. Alisema Jumapili samaki wengi watazolewa kwenye mifuko myeusi pamoja na ukoga.

"Mimi siwavui, kaka," alisema. "Nawaokoa."

Jeremiah akachoka kubishana, akaenda zake kukagua.

Akiwa huko alisikia maji yakipigwa. Alipogeuka, Salim alikuwa ameshika mshipi kwa mikono miwili, anavuta kama anayetoa ndoo kisimani, na chini ya daraja palikuwa na kitu kikubwa chenye mkia uliopasuka kisichotaka kuokolewa. Mshipi wa namna ile haukuwa wa kuvutwa hivyo. Mtu yeyote wa Nzoia angeliona hilo, na mtu yeyote wa Nzoia angefanya alichofanya Jeremiah, ndiyo maana kampuni ingefanya vyema kuajiri watu wa jangwani. Miguu iliyokuwa ikishindwa na ngazi za basi ilishuka ukingo, ikaingia majini na viatu vyake.

"Mlegezee," alisema. "Usivute. Mlegezee aje mwenyewe."

Alivua kofia, akaiteremsha polepole mbele ya kichwa cha samaki, kama walivyofanya kwao kwa kikapu, akamnyanyua. Kisha akabaki amesimama, maji yakiwa magotini, sare imelowa, nembo ya kampuni imejaa samaki. Maji yalikuwa ya baridi. Baadaye alimwambia Salim kwamba angeachwa pale, kiti asingekihitaji. Lakini wakati ule alikuwa akitazama juu, kwenye nyumba ya kona, ambako pazia lilitikisika.

Nyumba ya kona ni ya Bi Melissa. Kila asubuhi Bi Melissa hutupa mkate majini, na samaki mmoja mwenye mkia uliopasuka alikuwa amemzoea hata akapewa jina, Chelsea. Jumamosi alifika kwa Wesley akiwa na huzuni ya kweli. Chelsea hakuja kula, na jana yake yeye mwenyewe aliona kofia ikiingia majini. Ya nani, hakujua; kofia zao zinafanana. Wesley ni shabiki wa Arsenal wa miaka mingi na iliposemwa kwamba Chelsea amepotea alilazimika kuuma midomo, lakini aliahidi kufuatilia, akaenda darajani.

Jeremiah alikuwa amesimama mahali pake.

"Mzee," Wesley alisema, "kofia yako inanuka."

Jeremiah alisema ni joto.

"Inanuka samaki."

"Samaki gani, bosi?"

Hakusema kwa ujeuri. Alisema kama mtu ambaye hana nguvu za kutafuta uongo wake mwenyewe, akaazima uliokuwepo. Wesley alifuata macho yake hadi kwenye nguzo, akalisoma tangazo lote, ingawa alilibandika mwenyewe. Kuandika lalamiko kungemlazimu aandike kilichopotea, na kilichopotea, kwa saini ya meneja, hakikuwepo, hakijawahi kuwepo, wala hakitarajiwi. Naye Wesley alikuwa na meneja wa kumpigia simu, na alikuwa amechoka kwa namna yake.

"Mlimla?" aliuliza hatimaye.

"Salim alimpika. Na nazi."

"Nazi," Wesley alisema, akatikisa kichwa. "Si mngemkaanga tu."

Bi Melissa alijibiwa kwamba uongozi unashiriki huzuni yake bila kuthibitisha sababu yake. Lalamiko halikuandikwa. Jumapili pampu zikaja.

Jeremiah aliingia kibandani wiki iliyofuata. Jioni Miriam alipouliza kama ameketi, alijibu kwamba ameketi kutwa nzima. Miriam akauliza kama sasa mgongo hauumi. Unauma.

Mfereji umejazwa upya, na tangazo limebandikwa jipya kwenye nguzo ileile, wino ukiwa bado mweusi. Mlinzi wa kusimama chini yake hajapatikana. Dirisha la kibanda linatazama huko, na Jeremiah anaona pale alipokuwa akisimama wamesimama korongo wawili wa kijivu. Hufika alfajiri, na huondoka jioni wakiwa wameshiba.