Saa Sita ya Mkono Gani?

Mwanangu, kuna siku tatu za kiangazi ambazo hazijanitoka kichwani, na nataka uzisikie kwangu kabla hujazisikia kwa mtu mwingine.

Bado hujazaliwa. Mimi mwenyewe nina miaka kumi na saba, nasoma sekondari hapa Bwera, na bibi angecheka sana akijua kuna mahali ninajifanya mzee. Lakini wazee wa kwetu wakitaka kumwonya mtu huanza na kosa lao wenyewe, na kosa mimi tayari ninalo. Kwa mdomo siwezi kulisema. Mwalimu akiniuliza jina tu, ninaanza kwa kukohoa. Basi naliandika humu kwenye daftari, wewe utalisoma siku ukifika.

Mto wetu unaitwa Lhubiriha. Upande huu ni Uganda, upande ule ni Congo. Mvua ikizidi kule milimani, mto huu unateremka na mawe makubwa kama ng'ombe, unabeba nyumba na migomba. Mwaka ninaokuambia ulikuwa kinyume. Mvua ilichelewa, tukangoja, ikachelewa tena, mpaka wanawake wakawa wanavuka kwenda sokoni Kasindi bila kulowesha magoti. Kila asubuhi nilikuwa naangalia jiwe moja jeupe katikati ya mto. Zamani lilikuwa chini ya maji. Mwaka ule lilikauka hadi mijusi wakaja kuota jua juu yake.

Babu yako, yaani baba yangu Bwambale, analima nyanya na vitunguu ukingoni. Maji anayapata kwa mtaro uliochimbwa na babu yake. Ng'ambo, karibu tuangaliane, liko shamba la Papa Kambale, mume wa mama mkubwa Masika, dada ya mama. Bwambale na Kambale ni jina moja, la mtoto wa kiume wa pili. Huku tunalisema hivi, kule wanalisema vile. Na yeye ana mtaro wake. Maji ya kutosha mitaro miwili hayakuwepo tena. Huyu akifungua, mwenzake anapata tope.

Wiki nzima walitukanana. Mwishowe wenye mashamba wa pande zote mbili wakakubali kukaa pamoja, na kikao kilifanyika katikati ya mto wenyewe, juu ya mawe makavu. Tungeongea lugha yetu ya Lhukonzo tu, maana ng'ambo wanaisema hiyo hiyo kwa jina lingine, lakini walikuwepo askari wa pande mbili, basi kikao kikawa cha Kiswahili. Mimi niliitwa kuandika. Sababu ilikuwa mwandiko wangu mzuri, na pengine pia kwamba mimi si mtu wa kuingilia maneno.

Wakapatana zamu. Congo watachukua maji tangu alfajiri, sisi tutachukua mpaka giza. Sasa, mpaka wapi ni wao na kuanzia wapi ni sisi?

"Mpaka midi," Papa Kambale akasema.

"Midi ni nini hiyo?" mwenyekiti wetu akauliza. "Sisi hatukusoma Kifaransa, bwana."

"Midi njo saa sita, kaka. Saa ya kula."

"Saa ya kula kwa wale beko na chakula!" mtu mmoja akadakia, wote wakacheka, hata askari.

Mimi sikucheka. Mwanangu, kila mtu wa mpakani anajua kwamba saa ya Congo iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Ukitoka kwetu saa sita, ukivuka unafika saa tano. Tunalijua kama tunavyojua majina yetu, na ndiyo maana hakuna aliyekumbuka kulisema. Kila mmoja alisema saa sita akiwaza saa ya kwao. Kalamu yangu ikasimama. Niliinua uso nikitaka kuuliza, saa sita ya wapi?

"Kabugho, umebaki wapi?" mwenyekiti akaniambia. "Andika. Saa sita. Hata hiyo inahitaji kusomea?"

Wakacheka tena, sasa wananicheka mimi. Masikio yakaniwaka moto. Nikaandika: saa sita.

Siku ya kwanza ya zamu baba alikwenda mtaroni na jembe saa sita kamili. Maji hayakuja. Aliona ng'ambo bado wamepanga magunia ya mchanga na mto wote unaingia kwao. Alisubiri, yakaja baadaye kabisa. Jioni alisema, "Labda walijisahau."

Siku ya pili ikawa vile vile. Jioni ile hakula. Alisema, "Kambale ananiibia maji mbele ya macho yangu, halafu ananipungia mkono." Mama akainamia sufuria. Nilijua anamwaza dada yake.

Nami nilijua jibu lote. Siku hiyo nilikuwa mtoni na simu ya mama. Ilikuwa inaonyesha saa sita na dakika kumi, mara ikashika mtandao wa ng'ambo, ikawa saa tano na dakika kumi. Nilisimama pale nikiitazama. Nilirudi nyumbani nikaenda chooni kujifunza sentensi yangu: "Baba, saa ya kule ni tofauti." Maneno sita tu. Niliyarudia hadi mdogo wangu akagonga mlango akiuliza naongea na nani. Lakini kila nilipomwona baba kakunja uso, niliwaza ataniuliza, kwa nini hukusema kwenye kikao? Basi nikanyamaza ili nisiulizwe kwa nini nilinyamaza. Ulishaona ujinga kama huo?

Siku ya tatu baba hakwenda peke yake. Walikuwa wanaume sita na majembe, wawili wana mapanga. Nilichukua jerikeni nikawafuata kama ninayekwenda kuchota maji.

Ng'ambo nao walikuwa wamejipanga nyuma ya magunia yao. Papa Kambale alikuwa mbele, suruali kaikunja hadi magotini.

"Toa magunia!" baba akapiga kelele. "Zamu yenu imekwisha!"

"Midi bado!"

"Bado gani? Saa hii ni saa sita na robo!"

"Midi bado, batu ya Uganda! Munapenda mayi kupita namna bibi zenu banawapenda?"

Kule wakacheka; bibi kwao ni mke. Huku hakuna aliyecheka. Baba aliingia majini, akaanza kung'oa magunia, moja, la pili. Papa Kambale akamshika shati. Mimi nilikuwa nyuma yao hatua kama kumi, mdomo wazi, sentensi yangu iko hapa, mwanangu, hapa kooni. Nilivuta pumzi. Wakati ninavuta pumzi baba aliinua mpini wa jembe, na Papa Kambale akaweka mkono mbele ya kichwa chake.

Sauti ya mfupa sikuijua kabla ya siku ile.

"Chini! Wote kaa chini! Tupa hiyo panga!" Askari wetu alikuwa anateremka mbio, wa kwao naye anakuja upande wake na bunduki mkononi. Watu wakakaa majini kama watoto waliofukuzwa darasani. Nilihesabu bunduki mbili na mapanga mawili, na nikaona wazi jinsi ambavyo mtu angekufa kwa ajili ya nyanya.

Aliyetuokoa ni Hajji. Huyu ni mzee mwenye lori, husafirisha nyanya zetu na za ng'ambo hadi Kasese, na siku ya kikao hakuwepo, alikuwa safarini. Alikuwa anasubiri mzigo pale juu barabarani, akasikia kelele. Aliteremka polepole, kanzu kaishika mkononi isilowe, akawasalimia askari wote wawili.

"Afande, pole na kazi. Nipe dakika moja na hawa." Kisha akawageukia wengine. "Mlipatana nini?"

Mwenyekiti, aliyekuja na kina baba, akatoa karatasi. Hajji akaisoma, akaisoma tena.

"Mwandiko mzuri. Wa nani?"

Watu wakanigeukia, hilo likawa jibu.

"Njoo, mjukuu wangu."

Nikaenda. Hajji akakunja mikono ya kanzu. Alikuwa na saa mbili, moja kila mkono, kwa sababu anavuka kila siku na geti la kule halifungwi kwa saa ya huku. Akanyoosha mikono yote miwili mbele ya uso wangu, kushoto saa sita na nusu, kulia saa tano na nusu.

"Hii saa sita uliyoandika," akasema, "ni ya mkono gani?"

Nilitazama saa ya kushoto, kisha ya kulia.

"Ulijua?" akauliza, sasa kwa sauti ya chini.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu kwenye kikao. Niliona aibu kuuliza."

Hakunifokea. Angenifokea ningelia ikaisha. Alisema tu, "Wewe ulikuwa na aibu. Mwenzako ana mkono uliovunjika. Nenda kamwangalie."

Nilikwenda. Lakini baba alikuwa amefika kabla yangu. Alikuwa amevua shati anamfunga Papa Kambale ule mkono kwa mti wa mpini wake mwenyewe. Papa Kambale alikuwa amekunja uso wote kwa maumivu, jasho linamtoka, na bado akasema, "Bwambale, umenipiga saa moja mbele ya wakati."

Baba akajaribu kucheka. Alilia.

Niliandika karatasi mpya palepale, goti langu likawa meza. Hajji akatuonyesha kwamba kuanzia jua kuchomoza hadi saa saba ya kwetu ni muda wa saa sita, na kuanzia hapo hadi giza ni muda ule ule. Midi ya Papa Kambale ilikuwa nusu ya siku kweli. Hakuwa ameiba hata jerikeni moja. Nikaandika: saa sita ya Congo, ambayo ni saa saba ya Uganda. Nikawasomea kwa sauti. Sauti ilitetemeka, ila ilifika ng'ambo.

Mkono ulipona vibaya. Mpaka leo vidole viwili havikunjiki, na mama mkubwa Masika alikaa mwezi mzima bila kukanyaga kwetu. Siku aliyorudi aliniletea maandazi. Yale maandazi nilishindwa kuyameza.

Wakati naandika haya mvua imechelewa tena. Leo asubuhi jiwe jeupe limeanza kuchungulia. Baba naye nimemwona akilitazama. Naogopa, mwanangu, na huenda siku zako maji yatakuwa machache kuliko siku zangu, na watu wanaogombana watakuwa na kitu kikubwa kuliko mpini wa jembe.

Basi nakuusia hivi. Watu wakikubaliana upesi na kucheka, wewe uliza wanakubaliana nini. Uliza hata ukichekwa, hata masikio yakiwaka, hata sauti ikitoka kama ya kifaranga. Aibu itakuuma mpaka jioni, mkono wa mtu utauma miaka. Na yule wa ng'ambo anapokupigia kelele kwamba bado, kabla hujamwita mwizi, mwulize anatazama saa gani.

Mungu akukuze kando ya mto wenye maji. Akupe ndugu pande zote mbili za mto huo, na akupe sauti mapema kuliko alivyonipa mimi. Amina, mwanangu.