Nusu Saa Kabla ya Ndege ya Mbeya

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo sibishani na mtu. Lakini hili nililiona mwenyewe, mchana, jua linawaka, na jioni ile ile nikaliandika kwenye daftari langu. Ukitaka kucheka, ningoje kwanza nimalize.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuhamia vijiji vya ujamaa. Nilikuwa mfyeka nyasi wa kiwanja cha ndege Sumbawanga. Ndege ikikaribia, nawatoa ng'ombe na watu njiani kwa bendera nyekundu. Mke wangu, Mama Leokadia, mtu wa Mpui, alikuwa amelazwa Mbeya mwezi wa tatu sasa. Mbeya kwa lori ni siku mbili za matope. Kwa ndege ni saa moja tu. Niamini, hiyo saa moja niliiwaza mpaka ikawa ndefu kuliko zile siku mbili.

Siku hiyo Ambakisye, Mnyakyusa wa simu ya upepo, akatoa kichwa dirisha la ofisi.

"Bwana harusi! Imeruka saa nane kamili, na mama yumo. Hizo ndevu vipi?"

"Atazinyoa mwenyewe," nikamjibu.

Saa nane na nusu nilikuwa mwisho wa kiwanja, penye mashamba ya ulezi. Nikamwona Mama Leokadia anakuja kwa miguu katikati ya njia ya ndege, amevaa kitenge cha kijani, hana mzigo. Akachutama, akapiga makofi taratibu, kama wake zetu Wafipa wanavyosalimia waume zao.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilifanya kazi. Nikapunga bendera.

"Toka hapo! Ndege inakuja!"

Akainuka. "Baba Leokadia, nimeona ni mbali, nikatangulia."

Akageuka, akaingia kwenye ulezi. Ulezi haukutikisika.

Saa tisa ndege ikatua. Rubani alishuka kofia mkononi. Mke wangu alikuwa kitini, kichwa kimeegemea dirisha, amevaa kitenge cha kijani ambacho sikuwahi kumnunulia.

"Aliniuliza kama bado mbali," rubani akasema. "Nikamwambia bado nusu saa. Hakuuliza tena."

Kwa haki niseme: jua lilinipiga usoni, na saa ya ofisini ilizoea kuchelewa. Rubani simlaumu. Hospitali pia siilaumu. Labda ni macho yangu. Lakini kile kitenge nilikijuaje?

Tangu hapo, ndege ya Mbeya ikikaribia, nikishawatoa ng'ombe naweka bendera chini, nauelekea ulezi, naitikia yale makofi. Ambakisye hanitanii tena.

Nawe unayesoma, mtu wako akifika kabla ya saa yake, usimfukuze, wala usimwulize amepitia wapi. Mwitikie kwanza. Ndege inaweza kungoja, ikazunguka angani mara moja zaidi. Hilo nililijua hata siku ile.