Kisu Nilichokipeleka Durban

Niliondoka Kibosho kwenda kutafuta mrithi. Katika ukoo wetu, mwenye kisu ndiye anayemkata mbuzi wa Desemba na kuipa kila nyumba sehemu yake. Akikosea mgawo, ndugu huchukiana mwaka mzima. Kisu hupita kwa wanaume. Mimi nina mtoto mmoja, binti yangu Anjela, kwa hiyo nilikuwa nakipeleka kwa Joakimu, mwana wa marehemu mdogo wangu, ambaye kama Anjela anaishi Durban.

Durban, jioni. Anjela alinipokea, akanipikia, akafungua begi langu apange nguo. Akakiona kisu ndani ya kitambaa chake.

"Cha Joakimu?"

Nikasema ndiyo. Alikifunga tena, akaniuliza kama nitakunywa chai.

Mtaa wa Point, asubuhi. Joakimu ana duka la simu karibu na bandari. Alinikumbatia, lakini kisu hakukigusa. "Baba mkubwa, mimi hata kuku namnunua amekatwa tayari. Na Desemba ndiyo biashara hapa. Eish, kwani Anjela mmemwacha wapi?" Nilimkaripia kwa kukosa adabu, nikatoka.

Kitongoji cha Westville, siku iliyofuata. Huko Anjela anamtunza bibi mmoja Mwingereza, akanichukua nisikae peke yangu. Juu ya meko palikuwa na ngao ya mbao yenye mnyama wa mwili wa simba na mabawa ya tai. Mnyama huyohuyo alikuwa kwenye kijiko cha fedha ambacho Anjela alimlishia bibi uji, amesuguliwa na vinywa vya vizazi hata mabawa yamefifia. Nilikishika, nikamuuliza Anjela habari zake. Babu zake bibi, akasema, walikuwa mabaroneti: mfalme aliwapa cheo cha kuitwa Sir, na kila baba alimwachia cheo hicho mwanawe wa kwanza wa kiume, tangu kabla Mzungu yeyote hajawasimulia wenzake juu ya theluji ya mlima wetu.

Niliuliza sasa cheo anacho nani. Anjela akatafsiri, bibi akajibu.

"Hakuna. Kilikufa na baba yangu."

"Hakuacha mtoto?"

Bibi alicheka hadi uji ukamtoka. "Aliniacha mimi. Nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake. Mawakili wakamtafuta mwanaume hadi Australia."

Anjela alitafsiri akimfuta kidevu, bila kunitazama.

Tukirudi, garini, niliyarudia maneno ya bibi kichwani. Cheo kilichopita salama katika vita na kufa kwa wafalme kilizimika katika chumba kimoja na mtoto wa mwenye cheo, kwa kuwa alikuwa binti. Nami nilikuwa nimevuka nchi kadhaa nikifanya kama mawakili wale.

Kibosho, Desemba. Kisu kilirudi katika begi lilelile, na Anjela alikuja kwa Krismasi. Mbuzi alikuwa amelazwa juu ya majani ya migomba, wanaume wamezunguka. Nikawaambia kwamba nilimkosea mwanangu, na kwamba mrithi niliyemfuata mbali ndiye aliyenipikia nilipofika. Nikampa kisu. Mzee mmoja alikohoa, wengine wakatazama chini.

Anjela alipitisha kidole gumba kwenye makali.

"Baba," akasema, "hiki hakijanolewa tangu lini?"