Siku Mashine Ilipomkataa Mama

Bado nina hasira, na sitaki mtu aniambie nitulie.

Kazi yangu hapa Malaba, upande wa Kenya, ni kupitisha mizigo mpakani kwenda Uganda. Miaka yote nimejua jambo moja: lori likiwa na makaratasi kamili, linavuka. Kwa hivyo asubuhi ile pumu ilipomshika mama yangu, akawa anavuta pumzi kwa shida, mimi mjinga nilitafuta faili kwanza. Kitambulisho, kadi, risiti za bima ya serikali ambayo hajawahi kuruka kulipa, kopi tatu tatu. Nikaingia hospitalini nikijiona nimejipanga.

Dada wa mapokezi hata hakuifungua ile faili.

"Weka kidole hapa, mama."

Mama akaweka. Mashine ikakataa. Akaweka kingine, ikakataa. Vyote kumi! Mama amemenya mihogo tangu akiwa msichana, na ngozi ya vidole vyake imelika, imebaki laini kama kipande cha sabuni.

"Mfumo haumtambui," dada akasema. "Mlipe keshi ama mngoje mtu wa kompyuta. Ameenda chai."

"Mimi namtambua! Mpeni hewa kwanza. Kwani anapumua kwa vidole?"

"Boss, usinipigie kelele. Si mimi niliyeitengeneza."

Na mama, maskini, akasema kwa sauti ya kukatikakatika, "Pole, dada. Ni hii mihogo."

Ati pole! Mtu amefanya kazi hadi alama za vidole zimeisha, halafu yeye ndiye anaomba msamaha. Nilitaka kuipindua ile meza. Kweli mnyonge hana haki.

Nikambeba hadi kwenye bodaboda, tukaelekea mpakani. Askari alipoona hali ya mama, alitupungia mkono tupite. Upande wa pili, kwenye zahanati ndogo, nesi alimfunika mdomo na pua kwa kifuniko cha mashine ya mvuke wa dawa kabla hata ya kumuuliza jina. Kifua kikaanza kufunguka. Nilitoka nje nikalia, kwa shukrani na kwa aibu.

Niliporudi, nesi alikuwa ameshika kalamu, anamuuliza kwa Kiteso, lugha yetu ya pande zote mbili za mpaka, "Mama, wewe ni wa wapi?"

Mama yangu, ambaye kila uchaguzi hudamka kupanga foleni ya kura Kenya kabla jogoo hajawika, aliniangalia, kisha akageuza uso.

"Wa hapa hapa," akajibu. "Uganda."