Homa ya Kompyuta Katika Nyumba ya Matanga

Ukifiwa upande wetu wa Kathonzweni, ukimaliza kumpigia pasta unampigia Aunty Ndila. Yeye ndiye huandika wasifu wa marehemu, anapanga picha na nyimbo, halafu watu wa familia wanabeba flashi kwenda kuchapisha mjini Wote. Alikuwa karani wa shule zamani. Aliporudi nyumbani, mume wake Muindi alimletea kompyuta ya mezani, ile ya kisanduku kando na skrini kando, na tangu hapo sebule yao imekuwa ofisi. Mimi naishi kwao tangu nilipotoka shule. Sijawahi kumwona Aunty akikwama na maneno. Anajua familia zinapenda kusikia nini, na anawapa.

Halafu Muindi mwenyewe akafa. Zilikuwa figo, na aliugua muda mrefu.

Kyule, kaka yake mkubwa, alikuja wakati watu walikuwa wanaanza kukusanyika kwa maombi. Akakaa, akavua kofia.

"Shemeji, wewe pumzika. Wasifu utaandikwa huko huko saiba wanakochapisha, Wote."

"Nimeandikia watu wa hii lokesheni yote," Aunty akasema. "Muindi aandikwe na kijana wa saiba hata hajawahi kumwona?"

"Si ni maneno tu? Yote hufanana."

"Ya Muindi naandika mimi."

Kyule akamwangalia. "Haya. Alhamisi jioni nakuja na pikipiki. Nikikuta haiko, naenda na yale niko nayo kwa kichwa."

Kesho yake Aunty akawasha kompyuta, na kompyuta ikakataa kwenda. Yaani ilikuwa inawaka, lakini ukibonyeza herufi hakuna kitu, unangoja, unangoja, halafu herufi zote zinatoka pamoja kama mbuzi waliofunguliwa boma. Picha moja ya Muindi ilichukua muda mrefu kufunguka, ikianzia nywele, kisha paji la uso, macho yakakaa pale peke yake bila mdomo. Aunty aliizima kabla haijamaliza.

"Juzi ilikuwa sawa," alisema. "Juzi tu."

Akampigia Mulei, mtoto wa dada yake, ambaye hutengeneza simu na kompyuta kule Sultan Hamud. Mulei alikuja Jumatano na begi lake mgongoni, akasalimia wazee waliokuwa nje, akaketi mbele ya mashine.

"Aunty, hapa umeingiza flashi za wafu wangapi?"

"Wewe angalia kazi yako."

"Naangalia. Flashi zikizunguka matanga yote ya Makueni, virusi nazo zinazunguka."

Alitafuta virusi hakupata. Akaangalia kama imejaa, akakuta bado kuna nafasi. Akazuia vitu vilivyokuwa vinajiwasha vyenyewe kila mashine ikiamka, akaizima, akaiacha ipumzike, akaiwasha. Ikaenda vizuri. Akina mama wa kanisa waliokuwa wanachambua maharagwe wakashangilia. Kabla hawajamaliza kushangilia ikarudia ile hali yake.

"Inaamka vizuri halafu inachoka," Mulei akasema. Alionekana kutopenda hiyo kitu.

"Labda inamlilia mwenyewe," akasema Mama Kalondu, mwenyekiti wa akina mama.

"Mama, mashine hailii."

"Sasa hiyo sauti ni ya nini?"

Kweli ilikuwa na sauti, feni ikivuma kama mtu anayepanda mlima. Mulei akasema ilikuwa hivyo kwa sababu imezeeka. Mpaka giza likaingia alikuwa amejaribu kila kitu, na kikabaki kimoja. "Tuifute yote, tuanze upya. Lakini lazima kwanza nitoe picha na kazi zako, na vile inaenda, hiyo ni mpaka kesho kutwa."

"Kyule anakuja kesho."

"Basi Aunty, kubali saiba."

Mimi nilikuwa nimemwangalia siku hizo zote, na kuna kitu nilikuwa nimeona. Kila mashine ikikwama, alikuwa anatoa mikono kwenye kibodi, anaiweka mapajani, na mabega yake yanashuka. Nilifikiri ni hasira. Haikuwa hasira. Alikuwa kama mtu ambaye ameitwa mbele ya watu kusema, halafu akaambiwa ngoja kidogo, naye akashukuru.

Alhamisi asubuhi aliiwasha tena, ikaanza kuvuma. Alisimama pale akiisikiliza. Halafu, bila kufikiri, akaingiza mkono chini ya kitambaa kilichoifunika na kukigusa kisanduku kwa nyuma ya vidole, vile alivyokuwa anamgusa Muindi paji la uso.

"Mulei! Kuja hapa. Hii kitu iko na homa."

Mulei akaja na kikombe cha chai. Akaweka kiganja, akakitoa haraka. "Aiya! Hapa unakaanga yai." Akachungulia nyuma. "Nani aliiweka huku?"

Ni akina mama walioiweka. Nyumba ya matanga lazima iwe na nafasi ya watu kukaa, kwa hivyo walikuwa wamehamisha kila kitu, na kompyuta ikatolewa dirishani ikasukumwa kwenye kona, kati ya kabati na ukuta. Tena wakaifunika vizuri. Kwetu kila kitu kina kitambaa cha kushona kwa mkono: viti, redio, thermosi ya chai. Hicho cha kompyuta kilikuwa kizito, cha maua, kimekunjwa mara mbili ili kisiburute, kimeziba mpaka kule nyuma ambako joto hutokea.

"Ikipata joto sana inapunguza mwendo yenyewe, isiungue," Mulei akaeleza. "Mimi natafuta ugonjwa ndani, kumbe imezibwa pua."

Mama Kalondu aliumia, maana kitambaa ni yeye alikishona. "Mbona imefunikwa miaka yote na ilikuwa inaenda?"

Aunty alikuwa ameshika kile kitambaa.

"Muindi ndiye alikuwa anakitoa," akasema. "Kila nikiwasha anapita, anakivuta, anakitupa kwa kiti. Hata akiwa mgonjwa alikuwa anakivuta na fimbo. Nilikuwa namgombeza kwa nini anachafua nyumba."

Mulei akabeba kisanduku nje, akakifungua, akaomba pampu ya baiskeli kwa jirani. Alipopuliza, vumbi jekundu lilitoka kama gari limepita barabarani, pamoja na nyuzi za pamba zilizoshikana kwenye feni. Akairudisha dirishani, wazi, akaiwasha. Ilikimbia. Picha ya Muindi ikafunguka mara moja, uso mzima, anacheka.

Watu wakatoka kumwachia Aunty nafasi. Mimi nilibaki nikifagia vumbi.

Hakuandika. Aliangalia skrini muda mrefu. Halafu akafungua wasifu wa Mzee Kitonga aliyezikwa majuzi, akaanza kubadilisha majina, alivyozoea. Ilikuwa kazi ndogo sana. Akasoma kwa sauti ya chini: mcha Mungu, mpenda watu, alivumilia ugonjwa wake kwa ujasiri.

"Sasa huyu ni nani?" akauliza.

Akafuta yote. Ndipo akaanza kuandika, polepole, na machozi yakishuka bila yeye kuyapangusa.

Kyule alifika jua likielekea kushuka. Alisoma kwenye skrini amesimama, kofia ya pikipiki mkononi. Nilimwona akifika pale Aunty alipoandika kwamba Muindi aliogopa sindano. Kwamba siku za kwenda kusafishwa damu alilia kabla hawajatoka nyumbani, akatukana kila mtu, na jioni akaomba msamaha mmoja mmoja.

"Shemeji. Hii isomwe mbele ya askofu?"

"Isomwe."

"Unamuaibisha ndugu yangu."

"Ndugu yako ulimuuguza siku gani?"

Mulei akaangalia chini. Kyule akageuza kofia mkononi.

"Ondoa tu hapo kwa kulia," akasema hatimaye. Alikuwa kama anaomba.

"Kyule, nikiondoa hapo, mwaka mzima mimi nilikuwa na nani kwa hii nyumba?"

Akanyoosha mkono. "Nipe flashi. Saiba watafunga."

Jumamosi watu walijaa mpaka nje ya hema. Programu zenye wasifu zikapitishwa, picha ya Muindi ikicheka mbele. Aunty hakufungua ya kwake. Aliisikia ikisomwa na mshereheshaji, na ilikuwa maneno yake, yote yake, mpaka ilipofika kwa ugonjwa. Alivumilia ugonjwa wake kwa ujasiri, mshereheshaji akasoma, akageuza ukurasa. Kyule alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na sufuria.

Kisha wakamwita mjane aseme neno. Kwetu neno hilo ni asante, na kuketi. Aunty akashika maikrofoni kwa mikono miwili.

"Pahali pamesomwa alivumilia, sio mimi niliandika. Muindi alilia. Alilia sana, na mimi nikalia na yeye, na asubuhi tulikuwa tunaenda. Hiyo ndiyo nilikuwa nimeandika. Asanteni kwa kuja."

Askofu alianzisha wimbo haraka, kabla ya wakati wake. Mama Kalondu ndiye wa kwanza kuufuata, na sauti yake ilikuwa inakatika.

Sasa mvua imenyesha na Kyule anapita kwetu kila asubuhi akienda shambani. Anapiga honi langoni, Aunty anainua mkono. Hajaingia ndani tangu siku hiyo, na Aunty hajamwita.